Snuka ya Dubai: Mdhamini alipobadili hesabu, mashindano yakahama

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Mombasa anayefuata mzigo Dubai analifahamu duka la Dubai Duty Free la pale uwanja wa ndege. Asichokijua pengine ni kwamba duka hilo liliwahi kubeba mashindano ya kulipwa ya snuka ambayo yalikusanya mabingwa wa dunia kwa miaka kadhaa, kisha yakatoweka.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1988 na kuchezwa kwa mara ya mwisho mwaka 1996. Katika misimu hiyo tisa yalibadili jina mara tatu na kuhama nchi mara moja. Wiki hii tunayapitia kwa jicho la biashara, kwa kuwa yaliyoyapata yanaweza kumpata yeyote ambaye mapato yake yanatoka kwa mlipaji mmoja.

Soko lilipokuwa juu

Snuka ni mchezo wa mezani unaofanana na pool, ila meza yake ni kubwa zaidi na mipira ni 22: myekundu 15, ya rangi nyingine sita, na mweupe mmoja wa kupigia. Ulibuniwa na maofisa wa jeshi la Uingereza nchini India mwaka 1875, na kwa miaka mingi ulibaki mchezo wa kumbi za wanajeshi na klabu za wanaume.

Televisheni ya rangi ndiyo iliyoupandisha bei. Mwaka 1985, fainali ya ubingwa wa dunia kati ya Dennis Taylor na Steve Davis ilitazamwa na watu milioni 18.5 nchini Uingereza, ingawa ilimalizika baada ya saa sita usiku. Zawadi nazo zilipanda. Bingwa wa dunia wa mwaka 1977 alilipwa paundi 6,000; wa mwaka 1989 alilipwa paundi 105,000, yaani zaidi ya mara 17 katika miaka 12.

Fedha hizo kwa sehemu kubwa zilitoka kwa kampuni za sigara. Embassy ilidhamini ubingwa wa dunia, Benson & Hedges ikachukua Masters ya London, na Rothmans ikawa na mashindano yake. Biashara ni matangazo, na snuka iliwapa wauza sigara saa nyingi za kuonekana kwenye televisheni.

Dubai yaingia sokoni

Wakati huohuo Dubai nayo ilikuwa ikitafuta wateja. Bandari ya Jebel Ali ilifunguliwa mwaka 1979, Dubai Duty Free ikafungua milango Desemba 1983, na shirika la ndege la Emirates likaanza kuruka mwaka 1985. Katika mwaka wake wa kwanza duka hilo liliuza bidhaa za dola za Marekani milioni 20. Kilichohitajika ni abiria wengi zaidi wapite pale, na jina la mji lijulikane ughaibuni.

Hapo ndipo snuka ilipopata nafasi. Mwaka 1988 yalifanyika mashindano ya waalikwa yaliyoitwa Dubai Masters, na Neal Foulds akamshinda Steve Davis 5-4 katika fainali. Mwaka 1989 yakapandishwa daraja na kuitwa Dubai Classic: yakawa ya kwanza Mashariki ya Kati kuhesabiwa katika viwango vya ubora vya chama cha wachezaji wa kulipwa, WPBSA.

Kupanda huko kulikuwa na thamani ya fedha. Mchezaji wa kulipwa wa snuka hana mshahara. Nauli na hoteli hujilipia mwenyewe, na kipato chake hutegemea raundi aliyofikia. Pointi za viwango ndizo zinazompunguzia mechi za mchujo katika mashindano yajayo. Hivyo mdhamini akitoa zawadi na chama kikitoa pointi, wachezaji wakubwa hawana budi kufunga safari.

Nao walifunga. Orodha ya fainali inaonyesha hivyo:

1989: Stephen Hendry 9-2 Doug Mountjoy
1990: Stephen Hendry 9-1 Steve Davis
1991: John Parrott 9-3 Tony Knowles
1992: John Parrott 9-8 Stephen Hendry
1993: Stephen Hendry 9-3 Steve Davis
1994: Alan McManus 9-6 Peter Ebdon
1995: John Parrott 9-6 Nigel Bond
1996: Ronnie O'Sullivan 9-8 Brian Morgan

Kwa Hendry, Dubai ilikuwa sehemu ya msimu wa 1990/91 ambao alishinda mashindano matano ya viwango, rekodi kwa wakati ule. Parrott aliwasili mwaka 1991 akiwa bingwa wa dunia. Kwa ubora wa wachezaji, hakuna aliyeweza kulalamika.

Mdhamini anapopiga hesabu upya

Hata hivyo, msomaji aangalie nani alikuwa anamiliki nini. Dubai Duty Free ililipia jina lake kuwekwa kwenye mashindano. Pointi, kalenda na wachezaji vilikuwa mikononi mwa chama kilichoko Uingereza. Kwa lugha ya sokoni, duka lilikuwa mpangaji.

Wakati huo michezo mingine ilikuwa inapiga hodi Dubai. Mashindano ya gofu ya Desert Classic yalianza mwaka 1989. Mwaka 1993 yakaanza mashindano ya tenisi ya wanaume, ambayo Dubai Duty Free si mdhamini wake tu bali ndiyo mmiliki na mwandaaji. Mwaka 1996 zikafuata mbio za farasi za Dubai World Cup, na zawadi ya dola milioni 4. Gofu, tenisi na farasi huvuta watalii wanaolala hotelini na kununua vitu vya bei. Isitoshe, fedha inayowekwa katika mashindano yako mwenyewe hukuachia mali. Kodi ya jina huisha siku mkataba unapoisha.

Dubai Classic ilichezwa mara ya mwisho mwaka 1994. Mwaka uliofuata mashindano yakahamia Bangkok kwa jina la Thailand Classic. Thailand ilikuwa na mashabiki wengi kwa ajili ya nyota wao James Wattana, lakini soko hilo tayari lilikuwa na bidhaa ya aina hiyo: Wattana mwenyewe alikuwa amelichukua taji la Thailand Open mwaka huohuo wa 1995. Mwaka 1996 jina likabadilishwa tena kuwa Asian Classic, O'Sullivan akashinda kwa fremu moja, na pazia likafungwa. Julai 1997 sarafu ya baht iliachiwa na kuporomoka, na fedha za matangazo zikawa adimu Asia nzima.

Aliyelipa gharama

Duka halikupata hasara. Mauzo yake ya mwaka 2024 yalizidi dola bilioni 2.1, na tenisi yake ingali ikichezwa. Walioumia ni wachezaji wa ngazi ya kati, ambao kila mashindano yanayofutwa kwao ni mwezi usio na mapato. Uingereza ilipopiga marufuku udhamini wa sigara, na Embassy ikaondoka mwaka 2005, pengo likawa kubwa zaidi. Msimu wa 2009/10 ulikuwa na mashindano sita tu ya viwango.

Ghuba ilijaribu tena. Bahrain iliandaa mashindano ya viwango mwaka 2008, Neil Robertson akamshinda Matthew Stevens 9-7, na hayakurudiwa. Mwaka 2024 Saudi Arabia ikaweka mezani paundi 500,000 kwa bingwa wa Jeddah, na Judd Trump akazichukua kwa kumshinda Mark Williams 10-9. Kiasi hicho ni sawa na zawadi ya bingwa wa dunia.

Kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo, hesabu ya kufanya ni ile ile. Kabla ya kuweka mtaji katika kampuni, au kuongeza mzigo kwa ajili ya mteja mmoja mkubwa, jiulize mambo matatu. Mlipaji huyu anapata nini kwangu? Je, anaweza kukipata kwingine kwa bei nafuu, au akakitengeneza mwenyewe? Na akiondoka kesho, ni kipi kitakachobaki mikononi mwangu?

Snuka ya Dubai ilikuwa na jibu zuri kwa swali la kwanza. Kwa la pili na la tatu haikuwa na jibu, hata mabingwa wa dunia walipokuwa mezani. Mwenye duka anayeuza zaidi ya nusu ya mzigo wake kwa mnunuzi mmoja afungue daftari lake wiki hii na aanze kutafuta wa pili.