Mtunzi wa programu azame kiasi gani?

Mwezi Aprili mwaka 2020, gavana wa jimbo la New Jersey nchini Marekani, Phil Murphy, aliomba hadharani wajitolee watu wanaoijua COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959.

Janga la corona lilikuwa limewaacha wengi bila kazi, na mitambo ya jimbo iliyoshughulikia malipo yao, yenye umri wa zaidi ya miaka 40, ilizidiwa.

Mwishoni mwa mwaka huo huo, tarehe 31 Desemba, kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia Flash, iliyowahi kutawala michezo na picha zinazotembea kwenye mtandao. Waliokuwa wameijua hadi vichochoro vyake walilazimika kutafuta pengine.

Basi umri wa teknolojia si kipimo cha kina cha kuisoma. Linalofaa kuulizwa ni nini kitaharibika iwapo mtunzi hakuielewa.

Mathalani, mtu aliyeko Muscat anapotuma fedha Mombasa, programu hupunguza salio katika akaunti moja, kisha huongeza katika nyingine. Umeme ukikatika kati ya hatua hizo, fedha zaweza kupotea njiani.

Hifadhidata huzuia hasara hiyo kwa kuzifunga hatua zote mbili katika muamala mmoja: ama zitimie zote, ama zifutwe zote. Lakini ni mtunzi anayeiambia muamala uanzie wapi na uishie wapi. Asiyelijua jambo hilo, programu yake huenda ikafanya kazi vyema siku zote za majaribio.

Ndivyo ilivyo pia kwa hesabu. Python na JavaScript, zikiulizwa jumla ya 0.1 na 0.2, hujibu 0.30000000000000004, kwa kuwa sehemu hizo haziandikiki kikamilifu kwa tarakimu za 0 na 1 pekee. Katika mahesabu ya benki, kosa hilo si dogo.

Majina ya amri, kwa upande mwingine, huweza kubadilika kutoka toleo hadi toleo, na yatosha kuyatazama kitabuni yanapohitajika.

Hata hivyo, misingi haifundishiki hewani. Sharti mtu aizamie walau lugha moja. Wala waliozama katika Flash hawakupoteza yote. Lugha yake, ActionScript, ilijengwa juu ya kanuni za ECMAScript, ambazo ndizo zinazoiongoza JavaScript, na waliozielewa kanuni hizo walihama bila kuanza upya.