Je, Wajua? Shule Moja, Bima Mbili

Barabara kuu itokayo Kisii kwenda Isebania inapita Uriri, baina ya Awendo na mji wa Migori. Alfajiri, kabla kengele haijalia, mpishi wa shule keshawasha moto, bawabu anamaliza zamu ya usiku, na walimu ndio kwanza wanashuka kwenye bodaboda. Wote wanachoka kwa ajili ya watoto walewale, lakini siku wakiugua, kila mmoja ana njia yake ya kufika kwa daktari. Yafuatayo ni mambo ambayo kila anayefanya kazi shuleni anastahili kuyafahamu, maana haki usiyoijua huwezi kuidai.

Je, wajua kwamba shule moja ya umma ina waajiri wawili?

Mwalimu wa kudumu ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliyoundwa mwaka 1967. Mpishi, bawabu, karani na matroni ni wafanyakazi wa bodi ya usimamizi ya shule, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeipa kazi ya kuwaajiri na kuwalipa. Bodi hiyohiyo ndiyo humlipa mwalimu anayejaza pengo pale TSC isipoleta mtu, yule ambaye kila mtu humwita mwalimu wa BOM. Basi katika chumba kimoja cha walimu, wawili wanaofundisha hesabu madarasa ya jirani hutofautiana sana wakipata homa: mmoja ana bima ya mwajiri wake, mwenzake ana ile ya kila Mkenya peke yake.

Je, wajua kwamba bima ya mwalimu wa TSC haikuwa zawadi?

Mpango wa matibabu wa walimu ulipoanza mwaka 2015, posho ya matibabu waliyokuwa wakiipata pamoja na mshahara iligeuzwa kuwa ada ya bima. Mpango huo ulisimamiwa na kampuni ya Minet hadi tarehe 1 Desemba 2025, walimu walipohamishiwa kwenye mfuko wa matibabu wa maafisa wa umma ulio chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Kwa hiyo mwalimu anayezungushwa dirishani hospitalini haombi hisani ya mtu. Anaulizia pesa zake.

Je, wajua kwamba mabadiliko ya 2024 yalimpunguzia mpishi makato na kumwongezea mwalimu mkuu?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila mwenye mshahara hukatwa, kwa ajili ya bima ya kila Mkenya iliyo chini ya SHA, asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na makato hayashuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Chini ya bima ya zamani, NHIF, mpishi wa mshahara wa shilingi 8,000 alikatwa 400. Sasa anakatwa 300. Karani wa shilingi 15,000 alikatwa 600. Sasa ni 412 na senti 50. Mwalimu wa 40,000 alikatwa 1,000. Sasa ni 1,100. Anayefikisha 100,000 alikatwa 1,700. Sasa ni 2,750. Hata hivyo kuna jambo la kuangalia: kwa kuwa 300 ndicho kiwango cha chini, mpishi wa shilingi 8,000 anatoa asilimia 3.75 ya mshahara wake, sehemu kubwa kuliko anayotoa mwalimu mkuu.

Je, wajua kwamba mwajiri wako hachangii hata shilingi katika makato hayo?

Ujerumani ilipoanzisha bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883, enzi za Bismarck, mfanyakazi alitoa theluthi mbili na mwajiri theluthi moja. Kwetu, asilimia 2.75 yote hutoka kwa mfanyakazi. Wajibu wa mwajiri ni kukata na kuwasilisha pesa hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Wajibu huo ni mdogo kwa maneno lakini mzito kwa matokeo: bodi ikikata na isiwasilishe, anayeambiwa malipo yake hayaonekani ni mama aliyepeleka mtoto hospitalini usiku.

Je, wajua kwamba 1966 ulikuwa mwaka mkubwa kwa afya ya mwalimu?

Mwaka huo Kenya iliunda NHIF. Mwaka huohuo, tarehe 5 Oktoba, mkutano uliofanyika Paris ulipitisha pendekezo la Shirika la Kazi Duniani na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu. Tarehe hiyo ndiyo tunayoiadhimisha tangu 1994 kama Siku ya Walimu Duniani, kwa hotuba na vyeti. Wachache hukumbuka kwamba ndani ya waraka ule mna kifungu kinachosema walimu wapimwe afya mara kwa mara, tena bila malipo.

Je, wajua kwamba chombo cha kazi kinachochakaa upesi kwa mwalimu ni koo lake?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa katika majimbo ya Iowa na Utah huko Marekani, ulionyesha kwamba asilimia 57.7 ya walimu wamewahi kupata matatizo ya sauti maishani, ikilinganishwa na asilimia 28.8 ya watu wasio walimu. Poland inayahesabu matatizo sugu ya sauti kuwa ugonjwa wa kazi unaostahili fidia.

Anayefundisha Uriri hahitaji takwimu ili kuelewa. Masika, mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati yasiyo na dari, mwalimu hupandisha sauti, kisha hupiga kelele, kisha hukata tamaa na kugeukia ubao, akaandika maelezo hadi mvua ipungue. Kesho yake anaongea kwa kukwaruza. Dawa ya kwanza ni rahisi: maji ya kunywa mezani, kufuta ubao kwa kitambaa chenye unyevu ili vumbi la chaki lisiruke, na kuipumzisha sauti inapokwaruza. Kunong'ona si kuipumzisha, maana nako huzikaza nyuzi za sauti. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu au nne, aonwe na daktari. Dari nayo isihesabiwe kuwa urembo wa jengo. Ni kinga ya afya ya mwalimu.

Je, wajua kwamba mpishi hupimwa kila baada ya miezi sita, lakini si kwa ajili yake?

Sheria za usafi wa chakula zinamtaka kila anayegusa chakula cha umma awe na cheti cha afya, na cheti hicho hufanywa upya kila miezi sita. Lengo ni kumlinda mwanafunzi asiambukizwe homa ya matumbo na mengineyo. Ni sawa kabisa. Lakini mtazame mpishi mwenyewe jikoni: sufuria ya nyoyo (mahindi na maharagwe) inayotosha shule nzima, kuni mbichi zinazotoa moshi mzito, naye ameinama juu ya moto kwa saa kadhaa, macho yakitoka machozi, mwiko mkono mmoja na leso mkono wa pili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia na uchafuzi mwingine wa hewa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Moshi huo husababisha magonjwa sugu ya mapafu na moyo. Kuni zilizokauka vizuri na jiko lenye bomba la kutolea moshi humfaa mpishi kila siku, kuliko cheti kinachosema kwamba leo ni mzima.

Je, wajua kwamba bawabu akijeruhiwa kazini, gharama si yake?

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake na agharamie matibabu ya aliyeumia akiwa kazini. Akilemaa kabisa au akifa, fidia ni mapato ya miezi 96, yaani miaka minane. Dai lifikishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Bawabu aliyekatwa na wezi na mpishi aliyemwagikiwa na maji ya moto wote wamo. Michango ya harambee ni utu, lakini isichukue nafasi ya sheria.

Je, wajua kwamba likizo pia hutofautiana?

Mkataba uliotiwa saini mwaka 2021 baina ya TSC na vyama vya walimu ulimpa mwalimu wa kike siku 120 za likizo ya uzazi, na baba siku 21. Mfanyakazi wa bodi anategemea Sheria ya Ajira ya 2007: miezi mitatu kwa mama na wiki mbili kwa baba, zote kwa malipo kamili. Akiugua baada ya kutumika miezi miwili mfululizo, ana siku zisizopungua 7 za malipo kamili na 7 za nusu mshahara kila mwaka. Hiki ni kima cha chini cha sheria, wala hakitegemei huruma ya mwalimu mkuu.

Je, wajua kwamba hakuna bodi inayoruhusiwa kukulazimisha kupima virusi vya UKIMWI ndipo ikuajiri?

Sheria ya 2006 ilikataza. Jambo hili lina uzito kwetu: uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulionyesha maambukizi ya asilimia 13 Migori na 19.6 Homa Bay, viwango vya juu mno nchini. Kwa wengi, kujua hali yako na kumeza dawa kila siku ni jambo la kawaida, na mwalimu anayefuata matibabu hufundisha hadi kustaafu kama mwenzake yeyote. Nayo Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inazikataza kampuni za bima kumbagua mtu kwa sababu ya ugonjwa wa akili.

Je, wajua la kufanya wiki hii?

Piga *147# uhakikishe umesajiliwa na SHA, wewe na wanaokutegemea. Aliyesajiliwa hutibiwa bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma vilivyo karibu, kwa hiyo usisubiri homa ikufikishe hospitali kubwa ya Migori. Mwulize karani kama makato ya mwezi uliopita yaliwasilishwa kufikia tarehe 9. Na ninyi mnaokaa kwenye bodi za shule, kutoka Kanyamkago Kaskazini hadi Kusini: mkutano ujao, wekeni mambo matatu kwenye ajenda. Bima ya majeraha kwa kila mfanyakazi, jiko lisilojaza moshi, na dari kwa madarasa yasiyo nayo. Shule inayomtunza anayepika na anayefundisha huwa imemtunza na mwanafunzi.