Tabora Ndiyo Njia Panda ya Visiwa

Julai 1858, wapelelezi Richard Burton na John Speke walikuwa Kaze, Tabora ya leo, wakitokea Ujiji kuliona Ziwa Tanganyika. Burton, aliyechoshwa na homa, akabaki. Speke akashika njia ya kaskazini, kwa kuwa Waarabu wa Kaze walisema huko kuna ziwa kubwa zaidi. Tarehe 3 Agosti akaliona Ziwa Victoria, visiwa vikiwa mbele yake. Mwenye likizo yake Tabora leo ana uchaguzi uleule: reli inagawanyika hapo, moja Kigoma, nyingine Mwanza.

Ukienda Kigoma, hifadhi za sokwe za Gombe na Mahale si visiwa kwenye ramani, lakini mgeni huziona hivyo: unaingia kwa boti, unatembea kwa miguu. Gombe ni karibu na mji. Mahale ni saa nyingi majini, na mfuko lazima uwe mnene.

Mimi ningekwenda kaskazini, kisiwa cha Rubondo. Siku hizi, ukitoka Mwanza, daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, limetuondolea foleni ya kivuko. Ukifika upande wa Chato unapanda boti. Kisiwa karibu chote ni msitu. Sokwe wake si wenyeji: kati ya 1966 na 1969, mhifadhi Mjerumani Bernhard Grzimek aliwaachia humo 17 waliotoka kwenye kizuizi Ulaya, nao wakajifunza pori upya, wakazaana. Msiende kwa ajili yao tu, maana hawajazoea watu kama wa Gombe. Nendeni kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi. Kwato zake ndefu hupanuka akikanyaga tope la mafunjo bila kuzama, na akishtuka hujitosa majini akabakiza pua tu. Asiyejua atadhani ni kijiti.

Fedha ikiwa haba, kisiwa cha Ukerewe kinatosha: meli toka Mwanza hadi Nansio, kisha baiskeli katikati ya majabali na mashamba ya mihogo, na sato wa kukaanga jioni. Huko ndiko kwao Aniceti Kitereza, mwandishi wa riwaya ya Myombekere na Bugonoka. Ila kuogelea ziwani sikushauri, kichocho kipo na mamba pia.

Wenye watoto wadogo nao waelekee kaskazini. Gombe na Mahale hawawaruhusu kufuata sokwe msituni, kwa hiyo mzazi mmoja atakwenda na mwingine atashinda ufukweni akijibu maswali.