Kliniki mpya ya magonjwa ya zinaa hukwama wapi?

Kliniki ya magonjwa ya zinaa ikishazinduliwa, wengi huamini kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza, na miezi ya mwanzo ndiyo inayoamua kama wagonjwa wataizoea au wataikimbia. Mwenye homa akikuta foleni ndefu atanung'unika lakini atabaki. Mwenye usaha au kidonda sehemu za siri akikutana na kikwazo kidogo tu, anageuza. Akigeuza anaondoka na maambukizi yake, na wiki hiyohiyo anaweza kumpa mtu mwingine.

Kikwazo cha kwanza huwa dirishani. Benchi zimejaa, kioo kina tundu dogo, na karani aliyezoea mapokezi ya wagonjwa wa kawaida anauliza, "Unasumbuliwa na nini?" Mgonjwa anainama na kujibu kwa sauti ya chini. "Sikusikii, mama, ongeza sauti kidogo." Nyuma yake ameketi jirani wa mtaa mmoja, au shemeji. Mama huyo atasema anaumwa kichwa, atapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani na ugonjwa wake. Kinga yake haihitaji fedha nyingi: dirishani mgonjwa apewe namba tu, na maswali yote yaulizwe chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Hili lilipaswa kupangwa kabla ya kuchagua rangi ya ukuta.

Foleni nayo ina hatari ambayo mgonjwa haioni. Kidonda cha kaswende katika hatua ya kwanza kwa kawaida hakiumi, na hupona chenyewe ndani ya wiki 3 hadi 6 hata bila dawa. Anayeambiwa leo, "Tumejaa, njoo wiki ijayo," akiona kidonda kinakauka anaamini amepona. Bakteria wamebaki mwilini. Miaka baadaye wanaweza kuharibu moyo na ubongo, na mjamzito asiyetibiwa anaweza kujifungua mtoto mfu. Kwa klamidia hali ni ngumu zaidi, kwa sababu wanawake wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote hadi mirija ya uzazi imeshaanza kuharibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila siku watu zaidi ya milioni 1 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 huambukizwa kaswende, kisonono, klamidia au trikomona, na magonjwa yote hayo manne yanatibika.

Kwa kuwa dalili zinadanganya, kila kliniki mpya hutamani kuwa na mashine. GeneXpert hutambua kisonono na klamidia kwa muda wa dakika 90 hivi, na ni kifaa kizuri sana. Lakini tupige hesabu. Mashine yenye nafasi 4 inapima sampuli 4 kwa mkupuo. Kwa saa 8 za kazi, bila umeme kukatika hata mara moja, haivuki sampuli 20. Mara nyingi mashine hiyohiyo inasubiriwa na wagonjwa wa kifua kikuu. Wakifika watu 60 siku ya kwanza, 40 watakosa majibu, na wengi wao hawatarudi kuyafuata. Ndiyo maana vituo vingi bado hutibu kwa kufuata dalili: usaha ukionekana, mgonjwa anapewa siku hiyohiyo dawa za kisonono na klamidia kwa pamoja. Njia hii haiwanasi wasio na dalili, lakini aliyefika haondoki mikono mitupu.

Vipimo vya haraka vina mitego yake pia, na mtumishi mgeni asiyeelekezwa vizuri hunaswa kwa urahisi. Kipimo cha haraka cha kaswende kinatafuta kingamwili ambazo kwa wengi hubaki mwilini maisha yote. Aliyetibiwa akapona miaka 5 iliyopita bado anaweza kuonekana ana ugonjwa. Akiambiwa hivyo bila maelezo, ndoa inaweza kuvunjika kwa kosa ambalo hakulitenda. Inatakiwa kuuliza historia yake, na ikiwezekana kuongeza kipimo cha RPR, ambacho kiwango chake hushuka baada ya matibabu. Kwa VVU hali ni kinyume: aliyeambukizwa wiki iliyopita huonekana salama, kwa sababu mwili haujatengeneza kingamwili za kutosha. Aelezwe kwa nini anatakiwa arudi baada ya miezi 3.

Lakini kikwazo kinachoua kliniki mpya kuliko vyote ni neno "zimeisha". Mpango wa dawa hutengenezwa kwa kukisia, habari zinaenea mtaani, watu wanafurika, na shehena ya miezi mitatu inamalizika katika mwezi mmoja. Mgonjwa anaambiwa akanunue nje. Huko duka la dawa atanunua vidonge vya fedha aliyonayo, na dozi nusu huwafundisha vijidudu usugu. Kisonono kimeshazishinda dawa nyingi kwa njia hiyo.

Mkoa wa Mwanza una ushahidi mzito juu ya hili. Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika jamii 6 za vijijini, na kuzilinganisha na nyingine 6. Walitumia vituo vya afya na zahanati zilizokuwapo. Waliwafundisha watumishi, wakahakikisha dawa hazikatiki, wakapita kukagua mara kwa mara na kuwahimiza wanakijiji wawahi kutibiwa. Baada ya miaka 2, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizohudumiwa, na asilimia 1.9 katika zile nyingine. Lakini huko Rakai, Uganda, dawa ziligawiwa kwa watu wote kila baada ya miezi 10, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 hayakuonyesha VVU kupungua. Wanasayansi wamebishana sana kuhusu tofauti hiyo, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba VVU vilikuwa vimeshaenea zaidi Rakai. Kwangu mimi, Mwanza inatosha kuonyesha thamani ya zahanati yenye dawa siku mgonjwa anapozihitaji.

Mwenzi naye asisahaulike. Mume akitibiwa peke yake, ataambukizwa tena akirudi kwa mke asiyetibiwa. Kadi ya kumwita mwenzi isitaje ugonjwa, na mwanamke anayehofia kupigwa asilazimishwe kuipeleka. Asaidiwe kutafuta njia iliyo salama.

Kumbukumbu pia zilindwe. Mwaka 2015 kliniki ya 56 Dean Street ya London ilituma jarida kwa baruapepe kwa watu zaidi ya 700, wengi wao wakiishi na VVU, na kila mmoja akaona anwani za wenzake. Mamlaka ya hospitali inayoiendesha ilitozwa faini ya pauni 180,000. Daftari lililoachwa wazi kaunta linaweza kuleta madhara yaleyale.

Ndugu msomaji, ukiona usaha, kidonda au maumivu chini ya kitovu, nenda kituoni leo, hata kama dalili zimeanza kupungua. Una haki ya kuomba kuongea chumbani. Ukiambiwa dawa zimeisha, omba rufaa ya kwenda kituo chenye dawa, na usinunue dozi nusu.