Nukta Zinazozaa Rangi

Ndugu askari, lisogelee bango la onyo la mabomu ya kutegwa ardhini. Kijani kile hafifu cha nyasi si wino wa kijani, bali ni nukta za samawati na za manjano zinazochanganyika machoni mwako. Mtambo wa kuchapa haujui rangi hafifu: ama hutia wino, ama huiacha karatasi nyeupe. Nukta zikiwa kubwa rangi hukoza. Zikiwa ndogo hufifia.

Rangi za wino ni nne, na kila moja hupangiwa pembe yake: samawati nyuzi 15, waridi iliyokoza 75, manjano 0, nyeusi 45. Pembe zikikosewa, picha hujaa mawimbi kama vyandarua viwili vilivyopandana. Karatasi ya gazeti nayo hunywa wino, nukta zikavimba. Ndiyo maana hupewa mistari 85 hivi kwa inchi, ilhali karatasi nyororo hustahimili 150.

Mchoraji wa leo hupaka rangi kwa kompyuta, na kioo chake kinachotoa mwanga humdanganya. Sisi wenyewe tuliwahi kuchora bomu la kijani juu ya nyasi. Kiooni lilionekana waziwazi; lilipochapwa, likazama majanini. Bango la onyo likawa lenyewe mtego! Tulilichapa upya, bomu likizungushiwa mstari wa wino mweusi mtupu, usio na nukta hata moja.