Je, Wajua? Kabaka Aliyekimbia Ikulu ya Mengo Akawa Mwasi

Mwanga II, Kabaka (yaani mfalme) wa Buganda aliyetawazwa mwaka 1884 akiwa bado kijana, hukumbukwa na wengi kwa damu ya mashahidi wa Namugongo, Wakristo waliouawa kwa amri yake, na ni haki ikumbukwe. Lakini haitoshi, kwa kuwa Julai 1897 mtawala huyohuyo alitoroka ikulu yake ya Mengo, Kampala, akaenda eneo la Buddu kuwapiga vita Waingereza waliokuwa wamempokonya mamlaka hatua kwa hatua. Aliposhindwa alivuka kuingia himaya ya Wajerumani, akatiwa kizuizini, na huku nyuma mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, akatangazwa Kabaka chini ya walezi watatu wa kiti cha enzi. Mwanga akatoroka tena, akaungana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, hasimu wa Buganda wa miaka mingi, nao wakakamatwa pamoja katika eneo la Lango tarehe 9 Aprili 1899 na kupelekwa uhamishoni Shelisheli.

Alifariki huko mwaka 1903, na mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910 kuzikwa Kasubi, ndani ya jumba la nyasi ambalo dari lake hubebwa na pete 52 za makuti, moja kwa kila ukoo wa Baganda, na ambamo pazia la lubugo, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba, hulificha eneo takatifu liitwalo kibira, maana yake msitu, wanamolala Makabaka wanne.