Mkonga Pekee Hauvushi Gari

Mvua za mwaka 2024 ziliwapa hesabu nzito wote wanaofanya biashara kwa magari ya 4x4 Afrika Mashariki. Aprili, maji ya Mto Rufiji yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti. Mwanzoni mwa Mei, mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Nchini Kenya, Mto Talek uliingia katika kambi za watalii Maasai Mara, na barabara ya Garissa ikazama upande wa Madogo. Hospitali za misheni, wanunuzi wa mazao, kampuni za utalii na miradi ya maji zote zilikabiliwa na swali moja: gari tulilonalo, lenye umri wa miaka 20 au 30, litapita?

Swali hilo ndilo linalolisha sehemu nzima ya biashara ya gereji. Kuna fundi makenika, fundi umeme, fundi wa kuchomelea, muuza spea na muuza oili, na wote hupata kazi kila masika na vuli zinapokaribia. Lakini ukiangalia mteja anatoa pesa kwa ajili ya nini, utaona kasoro kubwa: fedha nyingi huishia kwenye kifaa kinachoonekana barabarani, na kazi inayolirudisha gari nyumbani hubaki bila bajeti.

Magari yasiyo na mbadala rahisi

Soko hili lipo kwa sababu magari yenyewe hayapatikani tena kwa urahisi. Land Rover Defender ya umbo la zamani iliacha kutengenezwa kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Uganda imeweka ukomo wa miaka 15. Tanzania inaruhusu magari ya umri mkubwa zaidi, ila huyatoza ushuru wa ziada. Kwa hiyo mwenye Land Rover 110 ya mwaka 1994 mjini Nakuru hawezi kuagiza nyingine ya rika lile kutoka nje. Atalitunza alilonalo, au atalikosa kabisa.

Sababu ya pili ni mitambo yenyewe. Injini ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser, ya lita 4.2 na silinda sita, iliyoingia sokoni mwaka 1990, inapuliziwa dizeli na pampu ya kimakenika. Ndivyo zilivyo pia injini za 200Tdi na 300Tdi za Land Rover. Hazina kompyuta ya kuungua maji yakipanda. Fundi mzoefu wa Unga Ltd jijini Arusha, wa Gerezani Dar es Salaam au wa Kirinyaga Road Nairobi huzifungua na kuzifunga kwa spana alizonazo. Td5, iliyokuja mwaka 1998, ni habari nyingine: kwenye Defender, kompyuta yake imewekwa chini ya kiti cha mbele, mahali ambapo maji hufika mapema. Oktoba 2024, Arusha ilipoandaa tamasha la Land Rover, foleni ya magari ilionyesha wazi jinsi vyuma hivi vilivyo vingi na vinavyopendwa.

Mita mbili juu, sentimita 40 chini

Kifaa kinachouzika kuliko vyote ni mkonga, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mwa kioo hadi usawa wa paa. Watanzania huita Land Cruiser nzima kwa jina la kifaa hicho. Kwa mwenye gari ni alama ya uwezo, na kwa gereji ni kazi ya haraka yenye faida.

Hata hivyo, tupime gari kwa futi kamba. Mdomo wa mkonga uko karibu mita 2 kutoka ardhini. Tairi la 7.50R16, linalofungwa kwenye magari mengi ya aina hii, lina kimo cha takriban sentimita 80, hivyo katikati ya gurudumu iko kwenye sentimita 40 hivi, na difu iko usawa huohuo. Land Rover waliiwekea Defender ya zamani ukomo wa sentimita 50 za maji, na Toyota waliiwekea Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ukomo wa sentimita 70. Maana yake ni kwamba kabla gari halijafika hata kwenye kina kilichoruhusiwa na kiwanda, difu zote mbili, habu, breki na sehemu ya chini ya klachi zimekwisha kuzama. Mkonga haujafanya kazi yoyote bado.

Hatusemi mkonga hauna maana. Hewa ya injini ni jambo la kufa na kupona. Silinda moja ya 1HZ ina ujazo wa karibu mililita 694, na mgandamizo wake ni 22.7 kwa 1. Pistoni inapofika juu kabisa, nafasi inayobaki ni mililita 32 hivi, sawa na vijiko viwili vya chakula. Maji hayagandamiziki. Yakiingia zaidi ya vijiko hivyo viwili, kinachosalimu amri ni chuma: konrodi hupinda, na mara nyingine hutoboa bloku. Hapo mwenye gari anazungumzia injini nyingine.

Ndiyo maana mkonga uliofungwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa nao, kwa kuwa humpa dereva ujasiri asiostahili kuwa nao. Uvujaji hutokea kwenye maungio: pale bomba linapopita kwenye bodi, pale mpira unapoingia eya klina, na kwenye kile kimpira cha kutolea vumbi chini ya boksi la eya klina, ambacho kwenye magari ya zamani huwa kimekauka na kupasuka. Kipimo chake hakina gharama. Injini ikiwa inanguruma polepole, fundi anaziba mdomo wa mkonga kwa ubao laini au mpira mzito. Injini ikizimika, njia ya hewa haivuji. Ikiendelea kunguruma, kuna mahali inavuta hewa, na hapohapo ndipo itakapovuta maji. Mteja asilipe kabla hajaona kipimo hiki kwa macho yake.

Kazi ya chini ya gari

Difu, giaboksi na transfa zina matundu ya kupumulia. Gari likitembea, oili hupata joto na hewa ya ndani hutanuka na kutoka. Gari lenye joto hilo likitumbukia mtoni, chuma hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na difu huvuta chochote kilicho nje. Tundu la kupumulia likiwa limeziba kwa matope, mvuto huo huhamia kwenye sili, na maji na mchanga huingia kupitia hapo. Oili iliyochanganyika na maji hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa, na beringi zinazozungukia humo hazidumu.

Dawa yake ni mpira mwembamba unaostahimili mafuta, unaounganishwa kwenye kila tundu na kupandishwa hadi ndani ya boneti, juu karibu na ukuta wa kabini. Ni mita chache za mpira, klipu kadhaa na saa chache za fundi. Hakuna kazi nyingine katika orodha hii inayookoa fedha nyingi kwa gharama ndogo hivi. Pamoja nayo hubadilishwa sili za habu na za difu, hupakwa grisi mpya kwenye beringi za magurudumu, na viungo vya propela hupigwa grisi hadi ya zamani itoke.

Land Rover za Tdi zina jambo la ziada. Chini ya nyumba ya klachi, na chini ya kifuniko cha mkanda wa taimingi, kuna tundu linalotakiwa kufungwa kwa skrubu maalumu kabla ya kuingia majini, kisha kufunguliwa baada ya kutoka. Lisipofungwa, maji na mchanga hufika kwenye klachi na mkanda. Lisipofunguliwa, oili inayovuja hujikusanya ndani bila mtu kujua. Skrubu hizo nyingi zimekwisha kupotea. Zitafutwe, na dereva afundishwe zinapokaa.

Fundi umeme ana zamu yake. Waya wa miaka 30 una viraka, na kila kiraka ni mlango wa maji. Maungio yaliyo chini ya usawa wa betri yahamishwe juu au yafungwe upya kwa mpira unaobana kwa joto, na nyaya za ardhi zisuguliwe hadi chuma kionekane. Betri ya Defender iko chini ya kiti, kwa hiyo ifungwe imara isielee. Alteneta na stata husalimika zaidi zikioshwa matope mapema kuliko zikisubiri kufa.

Feni nayo huua marejeta mengi. Mapanga yake yakipiga maji kwa kasi, huweza kupinda mbele na kukata rejeta. Madereva wa zamani hulifunga turubai mbele ya grili, likazuia maji yasifike kwenye injini kwa nguvu, na kwenye kina kirefu hulegeza au kuvua mkanda wa feni kwa muda mfupi wa kuvuka. Transfa ikiwa kwenye gia nzito, gari huingia taratibu kama mwendo wa mtu anayetembea, bila kukanyaga klachi katikati, ili wimbi dogo litangulie mbele ya bampa.

Bei, spea na kalenda

Tatizo la kibiashara ni kwamba kazi hizi huuzwa moja moja. Mteja huja na ombi la mkonga, anafungiwa mkonga, anaondoka. Gereji ikiandaa huduma moja ya kabla ya masika, yenye orodha iliyoandikwa, bei moja na sahihi ya fundi, pande zote zitanufaika: mteja atajua alicholipia, na fundi atakuwa na kipato cha kutabirika badala ya kungoja magari yaliyoharibika.

Ubora wa spea ndio unaoamua kama kazi hiyo itadumu. Sili na beringi bandia zimejaa sokoni, na mara nyingi tofauti haionekani mpaka gari lipite majini. Kwa spea hizi ndogo, kununua ya bei nafuu si kubana matumizi. Sili ikivuja, utalipa tena oili, beringi, fundi na siku za gari kulala.

Kalenda pia ina bei yake. Katika ukanda wa utalii wa kaskazini mwa Tanzania, Aprili na Mei ni miezi ya wageni wachache, na kampuni nyingi huyaingiza magari yao gereji wakati huo. Hospitali au mfanyabiashara wa mahindi anayengoja hadi Aprili atakuta foleni, na masika yameshaanza. Januari na Februari ndiyo miezi yake.

Upande wa bima, wenye magari ya umri mkubwa mara nyingi hubaki na bima ndogo, kwa sababu kampuni nyingi husita kuyapa bima kubwa. Bima ndogo hulinda wengine, haimlipi mwenye gari injini iliyokufa. Hata mwenye bima kubwa asome mkataba aone kama mafuriko yametajwa, na unasemaje kuhusu dereva aliyeingia majini kwa hiari yake. Kwa wengi, matengenezo ndiyo bima pekee waliyo nayo.

Gharama ya baada ya maji

Bajeti isiyo na fedha za baada ya kuvuka haijakamilika. Gari lilale, maji yatuame chini ya oili, kisha nati ya kumwagia ilegezwe kidogo: yakitangulia maji, oili yote imwagwe. Difu mbili, giaboksi na transfa ya Land Rover 110 kwa pamoja huchukua takriban lita 9. Ni fedha, lakini ni sehemu ndogo ya bei ya difu moja. Breki zifunguliwe na kusafishwa, hasa zile za ngoma, ambazo hutunza matope ndani. Na injini ikizimikia majini, isiwashwe. Gari livutwe nje, nozeli zifunguliwe, na injini izungushwe ili maji yatoke kwanza. Injini nyingi zilizosalimika mtoni ziliuawa na ufunguo uliozungushwa mara ya pili.

Maji yanayokimbia hayana maandalizi

Yote haya ni ya maji yaliyotulia, ambayo sakafu yake inajulikana. Gari lenye eneo la chini la mita za mraba 5 hupunguziwa karibu kilo 500 za uzito kwa kila sentimita 10 za maji yanayopanda juu ya sakafu ya gari, endapo kabini haijaingiza maji. Sentimita 40 juu ya sakafu hiyo zinatosha kulifanya gari la tani 2 lielee. Na kasi ya mto ikizidi maradufu, nguvu inayolisukuma gari huongezeka mara nne. Hakuna mkonga, mpira wala sili inayobadilisha hesabu hiyo. Mto unaokimbia, au daraja lililofunikwa na maji, hauvukwi.

Hapa wajibu unahama kutoka kwa fundi kwenda kwa mwajiri. Madereva wengi huingia majini kwa sababu bosi anapiga simu kuuliza mzigo uko wapi, au kwa sababu siku ya kuchelewa inakatwa kwenye posho. Mwenye biashara anayeandaa gari lake kwa masika aandike pia, katika bajeti ileile yenye oili na sili, fedha za dereva kulala njiani akisubiri maji yapungue, na amwambie mapema kwamba fedha hizo zipo. Posho ya usiku mmoja ni ndogo kuliko injini, na si kitu ukiilinganisha na uhai wa aliyeshika usukani.